Chetezo cha Bi Raiya

Jumatatu, 3 Februari 2025

Darasa la ufinyanzi, Barani. Wanafunzi sita, watu wazima watupu, mwenye kipaji mmoja: mimi. Mwezi jana nilikikalia chetezo cha kufukizia udi cha mama mkwe, Bi Raiya, kikavunjika. Nikamwambia vya sokoni ni takataka, nitamfinyangia mwenyewe. Akasema vyema, ila biriani yake ya Ijumaa sitaionja mpaka niingie na chetezo mkononi. Miaka kumi na moja nimeila biriani ile! Mwalimu wetu, Bi Kanze wa Ganze, amefinyanga tangu utotoni. Nilimwambia siku nne zanitosha. Alinitazama kwa huruma.

Jumatano, 5 Februari

Chetezo tayari. Kimeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza umbea. Jirani yangu Sanga, karani mstaafu, chake kimesimama wima na matundu yamepangika sawasawa. Simpendi. Bi Kanze asema vyombo vikauke kivulini siku kumi kabla ya kuchomwa. Siku kumi! Anadhani biriani inanisubiri?

Alhamisi, 6 Februari

Jana nilikileta changu nyumbani ndani ya kapu. Nikawaza: kazi ya chetezo si kutiwa makaa? Basi nikatia makaa, na udi wa mke wangu juu yake, kikauke huku kikinukia. Kililipuka. Kipande kimoja kiliingia kwenye chai. Zeina aliuliza udi wake uko wapi. Nikamwambia anuse mapazia.

Jumamosi, 8 Februari

Nimefinyanga cha pili. Kimeinama zaidi. Bi Kanze alitwambia kila mtu agandamize alama yake chini ya chombo. Mimi pete, Sanga ufunguo wa baiskeli. Hapo nikapata akili. Nilimwomba Sanga baiskeli nifike dukani mara moja, akanipa ufunguo. Wenzangu walipotoka kunywa madafu, nilifuta alama zote mbili kwa kidole chenye maji, nikatia pete kwenye chake na ufunguo kwenye changu. Nimelala vizuri mno mchana huu.

Jumatano, 19 Februari

Siku ya kuchoma. Makumbi ya nazi, moshi, macho mekundu. Bi Raiya alikuja mwenyewe kupokea chetezo chake. Katikati ya moto, paa! Bi Kanze alisema mfinyanzi aliacha hewa ndani ya udongo. Kile kizuri, chenye pete yangu, kikawa vigae. Kile kilichoinama kikatoka kizima, chekundu. Bi Raiya alikishika, akasema aliyekifanya ana moyo. Nikasema ni changu. Bi Kanze akakigeuza: ufunguo. Wote wakanihurumia. Sanga alikuna kichwa, akasema kumbe moto hubadilisha umbo, kisha akamzawadia Bi Raiya chetezo kile. Bi Raiya akamwalika biriani.

Ijumaa, 21 Februari

Nimekula mkate na chai. Zeina amerudi, asema Sanga alikaa mahali pangu na kuongezwa mara tatu. Roho imeniuma, nimelia kidogo jikoni. Lakini Bi Raiya anamtafutia mwanawe wa kiume kofia iliyoshonwa kwa mkono kwa ajili ya Idd, na darasa la kushona kofia linaanza Jumatatu. Nimejiandikisha. Kila mwanafunzi hufunga uzi wa rangi yake ndani ya kofia kama alama. Sanga naye yumo. Nimeshamuuliza atatumia rangi gani.