Viti Sita vya Majaji Wapya

Mheshimiwa Rais,

Shikamoo, na pole kwa kazi ya kututafutia majaji. Mimi ni fundi seremala wa Mahakama ya Juu, huu mwaka wa kumi na tisa. Nimepokea oda yako ya viti sita vya majaji wapya watakaoungana na saba waliopo. Nina malalamiko, na nikiyaweka moyoni nitapasuka.

1. Meza haitoshi. Niliipima kwa viwiko vya majaji saba, mmoja mmoja akiwa ameketi, maana ndivyo nifanyavyo kazi. Kumi na watatu wataenea iwapo watapakatana tu. Sisemi ni vibaya, lakini nani atampakata nani? Jaji Mkuu ana magoti mabovu.

2. Nikirefusha meza, itakula sehemu ya mawakili. Msaidizi wako amesema mawakili wasimame nje wachungulie dirishani, kwani hata wakiwa ndani nani atawasikiliza? Haya. Lakini bado viti viwili vinakosa nafasi, kwa hiyo itabidi ning'oe kizimba, kisha mabenchi ya wananchi. Nikimaliza, Mheshimiwa, tutakuwa na ukumbi uliojaa majaji tupu, wanatazamana, wanasubiri chai.

3. Oda yako ililetwa Jumatatu. Bunge lilijadili kuongeza majaji Alhamisi. Jamani! Wabunge wanatokwa jasho kwa kubishana, na mimi nimeshapiga randa miguu ya viti. Wangeniuliza, ningewaambia warudi nyumbani mapema.

4. Oda inataka kila kiti kiwe na egemeo la mkono upande wa kushoto tu, ili mkono wa kulia wa jaji usipate kikwazo wakati wa kuinuliwa. Sijawahi kuunda kiti cha aibu namna hiyo.

5. Hili ndilo linaloniuma. Dada yangu mkubwa, mshonaji, ana nyumba ya vyumba vitatu pale unapotaka ipite barabara ya kwenda shambani kwako. Majaji wanne dhidi ya watatu walisema nyumba isiguswe. Wiki iliyofuata ukagundua kwamba mahakama ina upungufu wa majaji! Sasa kesi itasikilizwa upya mwezi ujao, mbele ya wote kumi na watatu. Yaani unaniagiza niunde viti vya watu watakaombomolea dada yangu, na unataka nivipige msasa vizuri. Huoni haya?

Kwa hiyo naomba rasmi: kwa kuwa nafasi ya viti sita haipo, majaji sita nao wasiwepo. Ni suala la mbao tu. Kwenye siasa mimi simo.

Nisalimie Mama, watoto, mawaziri wanaosema ndiyo na wale wanaosema ndiyo sana, bila kumsahau mbwa wa getini.

Wako mtiifu, msumeno mkononi,
Fundi wa Mahakama

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, majaji wapya wamefika karakanani kupimwa. Hata sijafungua futi kamba, simu ikalia kutoka ofisini kwako. Wote sita wakasimama wima, mikono ya kulia juu. Simu ilikatwa saa nne. Sasa ni saa nane na hakuna aliyekaa. Basi nafuta malalamiko yote. Viti havihitajiki, meza inatosha, watasimama ukutani. Ila dada anauliza: aanze kufunga mizigo leo, au asubiri hukumu isomwe?