Kuhusu Kufutwa kwa Mkutano wa Kila Ijumaa

Gisenyi, Alhamisi, Novemba 1999

Kwa Bwana Mkurugenzi Rugema,

Shikamoo. Ni mimi Narcisse, mtengenezaji wako wa programu za kompyuta hapa Mbugangari. Nakuandikia, ingawa meza zetu zinagusana, kwa sababu nikilisema jambo hili kwa mdomo nitagomba. Naomba ule mkutano wa Ijumaa, wa kukagua kazi ya wiki mbele ya mteja, ufutwe kabisa kuanzia kesho. Jumamosi naoa. Kesho nina kunyolewa, kufuata suti Goma na kutuliza wakwe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mkutano unafichua makosa yangu yakiwa bado machanga. Kosa nalo lina haki ya kukua. Likionekana mapema linasahihishwa palepale, na mimi nabaki sina siri yoyote katika fani yangu.

2. Mteja wetu, Madamu Pulchérie mwenye depo ya bia, huketishwa mbele ya skrini kama mkaguzi. Kila nikimwonyesha kitu hujibu: iko muzuri, lakini. Hiyo lakini imenikondesha. Mwanzoni alitaka programu imhesabie kreti. Sasa anataka imwambie pia ziko wapi. Bado kidogo atataka izibebe.

3. Verediane, mwenzangu wa kazi, hubonyeza vitufe ambavyo mtu mwenye adabu habonyezi. Nilimkataza mbele ya wageni, akabonyeza tena. Kompyuta ikazimika, Madamu akacheka mpaka machozi, na mchumba wangu alipata habari kabla sijafika kwao.

4. Kwa sababu ya Ijumaa, nalazimika kumaliza kazi Alhamisi. Huu ni uonevu.

Donc, kwa hiyo, napendekeza tukague mara moja tu, mteja akishaipokea programu, akaizoea, akakata tamaa ya kuibadilisha. Ushahidi ninao. Ulipokuwa Kigali mwezi mzima hatukukutana hata siku moja, na hakuna aliyeona kosa lolote. Niliiweka mimi mwenyewe programu kwenye depo ya Madamu, bila kusumbua mtu, na ndiyo iliyopanga vinywaji vya arusi yangu.

Nakuachia uamuzi, mradi uwe huo niliouomba. Nisalimie mama watoto, Verediane hapo dirishani, na majirani wote watakaoisoma barua hii kabla yako.

Narcisse

N.B. Kabla sijafunga bahasha, baba mkwe ameingia ofisini. Gari la Madamu limeshusha kreti zote za arusi nyumbani kwa mzee huyu, na chupa ni tupu. Kumbe kreti ikirudi kutoka kwa wanywaji, programu yangu inaihesabu kuwa ni bia. Depo iliacha kuagiza kwa sababu kompyuta ilisema imejaa. Mzee anauliza, ofisi nzima ikisikia, kama kweli binti yake anaolewa na mimi. Naomba mkutano ufanyike sasa hivi, na kila wiki mpaka nitakapozeeka. Ila tuanze na swali lake, maana amekalia kiti changu na hasimami.