Veranda au Bombo

Jumatatu, 7 Aprili

Leo jirani yangu Mulwa amemaliza veranda yake. Vigae vyekundu. Nguzo za chuma zilizopakwa rangi ya dhahabu. Viti viwili vya plastiki. Amekalia kimoja saa nzima bila kazi yoyote, akiutazama mlango wangu. Nilipotoka kumwaga maji aliniambia karibu, mzee wa vitabu, huku kuna kivuli. Nilimjibu kwamba nina kivuli changu mwenyewe. Sina. Nina ukuta.

Miaka kumi na tisa tumekaa hapa Kawangware, na kwa miaka yote hiyo mlango wetu umefunguka moja kwa moja njiani, kama jicho lisilo na kope.

Nyumba ya baba kule Kibera ilikuwa na veranda. Nguzo nne za mti, mbili zimeinama kidogo. Bibi kushoto, wageni kulia, kahawa katikati. Nilikuwa na miaka kumi na minane tingatinga lilipoisomba, upande ule ambao sasa unaitwa Olympic. Tangu siku hiyo nimeishi katika nyumba sita. Hakuna hata moja iliyokuwa na mahali pa mtu kukaa akiwa si ndani wala si nje.

Sasa tuna akiba. Inatosha jambo moja tu. Mimi nataka veranda. Mke wangu Mabruka anataka twende Bombo, Uganda, kwa dada yake Afrah, ambaye hawajaonana naye kwa miaka kumi na minne. Sheria ya nyumba hii tangu tuoane ni kwamba akiba haiguswi mpaka wote wawili tuseme sawa. Mimi nimesema sawa kwa veranda. Mabruka amesema sawa kwa Bombo. Tumelala hivyo.

Jumanne, 8 Aprili

Nimemwita fundi Kaloki. Amepima mbele ya mlango kwa hatua zake, kisha kwa tepu yangu, na vipimo vimekataana. Anasema vya miguu ndivyo vya kuaminika, kwa sababu tepu huweza kupotea.

Nilimwonyesha mchoro wangu. Nimeuchora kwa kumbukumbu, bila kuacha hata kifundo kimoja cha mti. Akauliza kwa nini nguzo mbili zimeinama. Nikamwambia za baba ziliinama. Akasema, mzee, mimi hulipwa zisimame wima, kuinama zitainama zenyewe, hiyo ni bure.

Mabruka akapita na beseni. Akamsalimu Kaloki, akamuuliza hali ya mama yake huko Kitui, akamletea chai na gurusa za moto, zile chapati zetu nyembamba, kisha akamwambia kwa upole kwamba hakuna kazi. Kaloki alikula gurusa tatu ili kuonyesha kwamba ameelewa.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilijaribu hoja. Nilimuuliza Mabruka faida ya kusafiri kote huko ilhali simu ipo, na picha inaonekana. Akasema simu haina mikono.

Akasema pia kwamba macho ya Afrah yanazimika. Jicho moja limekwisha, la pili daktari anasema limebakiza miezi. Akasema anataka kufika dada yake akiwa bado anaweza kumwona, na kuna jambo wanapaswa kulimaliza. Sikuuliza ni jambo gani. Nilikuwa nafikiri juu ya paa.

Mpango ni huu. Hakuna mwanamke atakayefunga safari na kuacha paa linavuja. Paa likivuja, fundi ataitwa. Fundi akiitwa, mabati yatanunuliwa. Mabati yakishanunuliwa, futi nne za ziada mbele ya mlango ni kitu gani? Tundu moja tu, dogo, juu ya jiko, mahali Mabruka atakapoliona asubuhi na jioni. Nina msumari wa inchi tatu.

Nimejiuliza kama huu ni udanganyifu. Nimeona si udanganyifu. Paa lina miaka kumi na tisa. Lingevuja tu. Mimi nalisaidia kuwahi.

Ijumaa, 11 Aprili

Siku mbaya.

Baada ya swala Mabruka alikwenda Kibera kwa wenzake wa Makina. Ngazi sina, kwa hiyo ilibidi niiazime kwa Mulwa. Akauliza ya nini. Nikasema nataka kuangalia antena. Akasema, lakini mzee, wewe huna antena. Nikasema ndiyo maana nakwenda kuangalia.

Nilipanda kwa nyuma nisionekane. Hapo ndipo kosa lilipoingia. Kwa mtu anayeingia mlangoni, jiko liko kushoto. Aliyepanda kwa nyuma, kushoto kwake kumehamia upande mwingine. Nilipiga msumari pigo moja safi, nikashuka nikiwa nimeridhika, nikaingia ndani, nikaona mwanga mwembamba umesimama juu ya rafu yangu ya vitabu.

Saa tisa na nusu mvua ikaja. Si manyunyu. Mvua ya Aprili.

Kamusi yangu, niliyopewa siku nilipostaafu ukarani wa maktaba, imevimba kama mandazi. Atlasi imeshikana kurasa. Afrika na Asia sasa ni bara moja. Nilihamisha vilivyoweza kuhamishwa. Kisha nikatafuta kitu cha kuziba kabla Mabruka hajarudi.

Ukutani kuna tabaga saba za Mabruka, vile vifuniko vya chakula vya ukindu na nyuzi za rangi ambavyo wanawake wetu wa Kinubi husuka. Ni nzuri mno, hata mimi sikuthubutu. Lakini nyuma ya mlango kuna ya nane, kuukuu, ambayo haikumalizwa. Ukindu unaning'inia pembeni kama ndevu. Imekaa nyuma ya mlango wa kila nyumba yetu tangu tuoane. Nilidhani ni kazi aliyoichoka. Tulipokuwa watoto tuliambiwa kwamba tabaga iliyosukwa vyema huzuia hata maji. Niliipandisha, nikaibana kwenye bati kwa fimbo ya ufagio, nikasimama nimeishikilia.

Ilizuia maji kwa robo saa. Kisha ikaanza kudondosha nyekundu. Kisha kijani.

Mabruka aliingia hapo. Hakulitazama paa. Alinitazama mimi, akafuata fimbo kwa macho mpaka juu, akaniambia niishushe taratibu. Aliipokea kwa mikono miwili. Akaketi nayo mapajani, maji ya rangi yakimlowesha nguo, asiseme neno.

Ningependa angesema.

Jumamosi, 12 Aprili

Amesema. Alikuwa anachambua maharagwe, na hakuinua uso.

Katika ukoo wao, msichana akiolewa mbali, dada anayebaki huanza kusuka tabaga kutoka katikati. Husuka mpaka karibu na ukingo, halafu huacha. Ukingo ni wa bibi harusi. Siku atakapokuja kutembea nyumbani ndipo ataufunga kwa mkono wake, na hakuna mkono mwingine unaoruhusiwa. Afrah aliolewa Bombo miaka arobaini na mmoja iliyopita. Amekuja mara tatu. Mara zote tatu ilikuwa msiba, na kwenye matanga hawasuki.

Kwa hiyo tabaga imesubiri nyuma ya mlango, na sasa Mabruka anataka kumpelekea. Na ukingo unasukwa kwa macho.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia muda wote huo. Akafikiri kwa haki, kama afanyavyo siku zote. Akasema hakunificha. Ila kila alipotaka kuanza, mimi nilikuwa katikati ya kumweleza habari za veranda.

Nilichambua maharagwe pamoja naye. Alinirudishia mengi, nilikuwa natupa mazima.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilitoka kwa miguu mpaka Olympic. Sijui nilikuwa natafuta nini. Mlinzi wa geti, kijana anayeitwa Khamala, aliniuliza namtembelea nani. Nikamwambia veranda ya baba yangu. Akafungua daftari la wageni akapekua kwa makini, akasema hilo jina hana. Kisha akaniangalia tena, akasema ingia, mzee, dakika tano, lakini usiguse gari la mtu.

Pale ilipokuwa veranda kuna gari la buluu. Chini yake paka.

Nilisimama. Nguzo nilizikumbuka zote nne, mpaka vifundo, mpaka ile niliyoikwaruza kwa kisu nikapigwa. Kisha nikataka kukumbuka tabaga za mama zilizokuwa ukutani nyuma ya kiti cha bibi. Zilikuwa nyingi. Alizisuka mbele ya macho yangu, mwaka baada ya mwaka. Sikukumbuka rangi hata ya moja.

Nilimaliza dakika zangu tano. Khamala aliniuliza kama nimempata mwenyeji. Nikasema hayupo.

Nikapitia Makina kwa Leila, msusi wa tabaga mkubwa kuliko wote walio hai, kumuuliza kama tabaga iliyochujuka rangi inaweza kuokolewa. Akasema rangi zilizoingiliana hazitengani tena, lakini ukindu ukiwa mzima ukingo unafungika. Akauliza nani aliiharibu. Nikasema mvua. Akasema mvua aijuayo yeye haitumii fimbo ya ufagio. Wanawake waliokuwa ndani wakainamia kazi zao, mabega yakitikisika. Habari ilikuwa imenitangulia kwa siku tatu.

Nilifika nyumbani, nikakaa, nikasema sawa. Mabruka akauliza sawa ya nini. Nikasema Bombo. Akaniomba nirudie. Nilirudia. Akasema sawa. Kisha akaingia ndani, nikamsikia anapenga kamasi kwenye kanga, jambo ambalo hukataza wengine.

Jumatano, 16 Aprili

Kaloki ameziba tundu. Alilichunguza kwa muda, akasema, hili tundu ni la ajabu, limetoboka kutoka juu kwenda chini, safi kabisa, kama limepigwa na mtu mwenye haraka. Nikamwambia ajihadhari na ngazi. Alikula gurusa tano.

Nilirudisha ngazi. Mulwa akauliza kama nimeiona antena. Nikasema bado. Kisha akasema amesikia tunasafiri, na kwamba tusiwe na wasiwasi. Ataiangalia nyumba yetu kutoka kwenye veranda yake, na Syombua, mkewe, atamwagilia sukuma wiki wa Mabruka. Sikutarajia. Akanisukumia kiti cha pili.

Nilikaa. Kivuli ni kizuri. Kiti pia. Sikumwambia.

Jumamosi, 26 Aprili. Bombo.

Tumefika juzi. Afrah alikuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi. Alishika uso wa mdogo wake kwa viganja vyote viwili, akausogeza karibu mpaka pua zikagusana, akauangalia hivyo kwa jicho lile moja. Akasema, umezeeka. Mabruka akasema, afadhali umewahi kuona. Wakacheka, wakalia, wakacheka. Mimi nilishika mizigo.

Jana Afrah alipewa tabaga. Akaipitisha vidole, kisha akaiinua mpaka jichoni, akauliza nyekundu imeingiaje kwenye kijani. Mabruka akasema ni mume wangu. Basi. Hakueleza zaidi, na inaonekana haikuhitajika. Afrah alicheka mpaka akaletewa maji. Kisha akasema wekundu ule unafanana na jua linapokuchwa, naye huliona hivyo siku hizi, limemwagika kila mahali. Akaomba ukindu.

Sasa wanasuka. Afrah anafunga ukingo, Mabruka anamtajia rangi. Anazitaja polepole, na nyingine mara mbili, ingawa Afrah amesikia. Nimeandika rangi zote hapa kwa mpangilio: nyekundu, nyeusi, zambarau, nyeupe, kijani, nyekundu. Hizi sitazisahau.

Ninaandika nikiwa kwenye veranda. Sikuwa nimeambiwa. Nyumba ya Afrah ni ya kizamani, ya watu wetu, na mbele ina nguzo nne za mti. Moja imeinama. Nimekaa kulia, upande wa wageni. Si ndani wala si nje. Nawasikia wale wawili nyuma yangu wakibishana kwa Kinubi kuhusu nani aliyevunja mtungi mwaka ambao mimi sikuwepo.

Ningeweza kuishia hapo.

Lakini Alhamisi tunarudi, na leo asubuhi nilimwona Mabruka amegeukia ukuta. Nilimuuliza Afrah kwa nini asije tukaishi naye Kawangware. Akasema, shemeji, niache nyumba nzuri namna hii kwa sababu gani? Kavu, imara, haina tatizo lolote.

Nimelifikiria jibu hilo kutwa. Haina tatizo lolote. Mtu mwenye macho dhaifu akihamia kwetu, dada hawatatengana tena. Na mtu mwenye macho dhaifu hawezi kufungiwa ndani. Anahitaji mahali penye jua, mbele ya mlango, pa kukaa na ukindu wake. Mabruka mwenyewe atasema sawa kabla sijamaliza sentensi. Akiba tutaianza upya. Mchoro anao Kaloki.

Kinachozuia ni paa lake lisilovuja.

Nyuma ya jiko nimeona ngazi. Wingu la mvua limekaa vizuri upande wa kusini. Msumari umo mfukoni mwa koti langu la safari, na sikumbuki kuutia humo. Safari hii kushoto na kulia nitaviwekea alama ya chaki kabla sijapanda.