Uzinduzi wa Kituo cha Usonji Uzeeni, Chwaka

Mheshimiwa Mwakilishi wa aliyemwakilisha Mheshimiwa aliyepata udhuru, Mheshimiwa Sheha wa shehia hii, wajumbe wa Kamati ya Maandalizi pamoja na wajumbe wa Kamati ya Kuisimamia Kamati ya Maandalizi, masheikh wetu, wananchi wa Chwaka, mama yetu Bi Mwatima, ambaye uani kwake ndiko tulikotandika turubai hili, na mimi mwenyewe, Abrahman Msabah, Mkurugenzi wa Mambo Mtambuka na mgeni rasmi wa leo, kwani mgeni rasmi naye ana haki ya kutambuliwa: Assalaam alaykum. (Waalaykum salaam. Wa nyuma wanauliza kama soda zimeshafika.)

Itifaki imezingatiwa. Ndugu wananchi, kwa muda mrefu wenzetu wenye usonji na ulemavu wa akili wamekuwa wakizeeka kiholela, bila ya mwongozo, bila ya roodimapu, kwa sababu fomu zetu zote ziliishia umri wa miaka kumi na minane, kwa matarajio kwamba mtu akifika hapo usonji nao unahitimu. Ofisi yangu haikulala. Tulifanya utafiti, tukakaa na mastekiholda, na data ikabaini kwamba mtoto, akiachwa, huwa mtu mzima. (Makofi ya Kamati.)

Chukueni mfano wa mnufaika wetu nambari moja, ndugu Usi, mtoto wa Bi Mwatima, yule aliyekaa barazani. Ana miaka hamsini na mbili na hajapata kutamka neno. Tangu mwezi uliopita hataki kula, anajipiga kofi shavu la kushoto, na jana kamrushia afisa wangu kikombe cha chai. Wataalamu wetu, baada ya semina ya siku tatu hotelini, wameiainisha hali hii kuwa ni Changamoto ya Kitabia Daraja la Pili, na wamependekeza vidonge vya kumtuliza. (Bi Mwatima anasimama: "Mheshimiwa, hilo ni jino. Gego la chini, limeoza. Yeye hana kauli, lakini mie nnamjua. Nshampeleka hospitali mara tatu, tunarudishwa, wanasema hatulii. Nnataka mtu wa kumng'oa, si dawa ya kumlaza.")

Ahsante sana, Bi Mwatima, tumeyapokea kama maoni ya wadau. Ila naomba tuelewane kuhusu muundo. Jino liko chini ya Kitengo cha Kinywa, na sisi ni tabia. Jino likishaingia kwenye tabia panahitajika kikao cha pamoja, na kikao cha pamoja kinasubiri apruvali. (Kamati inacheka. Usi anajipiga shavuni. Mama yake anakwenda kumshika mkono.) Naona hata mnufaika anapiga makofi.

Sasa nije kwenye mafanikio, ambayo kwa unyenyekevu nasema ni yangu. Kituo tunachokizindua kinatoa huduma saa ishirini na nne, siku saba, Sikukuu zote mbili zikiwemo. Hakijafungwa hata siku moja. Watumishi wake ni wanawake kwa asilimia mia, hawaombi likizo, hawagomi, wanaogesha, wanafua, wanalisha, na wanatambua maumivu ya mgonjwa kwa kumtazama usoni tu. Wafadhili wameniuliza, Abrahman, umewezaje? Nikawajibu, uongozi. (Makofi. Bi Mwatima, kutoka barazani: "Mheshimiwa, mie nna miaka sabini na sita na presha nnayo. Nkifa, Usi nani atamjua kama anaumwa? Hilo tu ndilo nlotaka kuuliza.")

Ni swali zuri, na jibu lake limo katika shukurani. Kwanza kaulimbiu. Nikisema "Usonji uzeeni", nyinyi semeni "Tuuwekee mkakati". (Wanasema, wachache.)

Naishukuru Kamati. Namshukuru dereva wangu Muhiddin, ambaye amekubali kuvaa koti jeupe asubuhi yote na kupigwa picha za daktari. Na kwa namna ya pekee nakushukuru wewe, Bi Mwatima. Wananchi, msihangaike kutafuta jengo nyuma ya turubai. Hakuna jengo, hakuna muuguzi, na projekti haijapata kuwepo. Kilichopo ni bango, na bango nnarudi nalo mjini. Katika ripoti ya wafadhili kituo tulichokiandika ni wewe, mama, na umefanya kazi nzuri. Ama swali lako, limejibiwa ukurasa wa mwisho: Mungu akikuchukua, kituo kitafungwa rasmi, na ofisi yangu italeta ubani.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. (Kamati inasimama na kupiga makofi. Barazani hapana mtu. Bi Mwatima yumo ndani, anamtia Usi mafuta ya karafuu kwenye jino, na Usi amemfungulia kinywa.)