Injini Niliyoitambua kwa Sikio

Jamani, leo nimevuliwa nguo ukweni nikiwa nimevaa suti.

Ilikuwa siku ya kutambulishwa kwa wazazi wa Solange, nyumbani kwao mtaa wa Evere, huku ughaibuni. Solange alishanidokeza kwamba baba yake, mzee wa Lubumbashi, anapenda magari ya Kimarekani. Basi wiki nzima nikawa profesa wa video za mtandaoni. (Mimi, ambaye gari langu ni tramu.)

Tumemaliza bukari, ugali wa kwao, na samaki, papa, yaani huyo baba mkwe, akaniuliza kati ya Mustang na Camaro ipi ina injini ya maana. Nikakaa sawa. Nikamfundisha kwamba V8 ya Camaro, yaani injini ya silinda nane, ni kubwa zaidi na ina nguvu kuanzia chini. Ya Mustang ni ndogo kidogo, lakini inapenda kuzungushwa juu, na ukiifunga supachaja ya kuisukumia hewa inakuwa mnyama. Papa akatikisa kichwa kwa heshima. Maman, mama yake Solange, anamenya chungwa tu.

Ningeishia hapo, sasa hivi ningekuwa na mchumba pamoja na heshima yangu. Lakini mdomo ulishapata moto.

Papa akasema chini barabarani kuna Mustang, twende nikaisikilize. Maman akakaa kwenye usukani, maana funguo zilikuwa kwenye mkoba wake. (Sikujiuliza kwa nini. Profesa hajiulizi.) Mimi nikakaa pembeni yake, papa na Solange wakasimama dirishani. Gari likawaka, likanguruma. Nikafumba macho kama mganga.

"V8 halisi, papa. Sikio langu halidanganywi."

Papa akauliza kwa upole kama hakuna Mustang za silinda nne. Nikacheka. Nikamweleza kwamba hizo ni Mustang kwa jina tu, magari ya kina mama ya kwendea kanisani.

Solange akaanza kukagua viatu vyake.

Maman akazima gari, akashuka, akafungua boneti, akang'oa kile kifuniko cha plastiki mwenyewe. Nikahesabu silinda. Nne. Nikahesabu tena kuanzia upande wa pili, huwezi jua. Nne.

"Ile kelele inatokaka mu spika, mutoto yangu," maman akasema polepole. "Na bon, ni kweli, naendaka nayo ku kanisa."

Papa alikuwa ameegemea ukuta, machozi yanamtoka kwa kicheko. Mzee alijua tangu kwenye samaki.

Nikaaga. Maman akanikataza kupanda basi. Akanipeleka mpaka kituo cha Porte de Namur, nimekunjwa kiti cha nyuma kama adhabu, magoti kidevuni. Kwenye kila taa nyekundu anakanyaga mafuta kidogo, spika zinanguruma, ananitazama kwenye kioo.

"V8?"

"Ndiyo, maman."

Solange ameniandikia sasa hivi kwamba nimekubaliwa. Kwa hiyo nawaomba, anayetaka kucheka asubiri kwanza mahari ipokelewe.