Sekunde Nne

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanza! Seva ya ofisi yetu ya kuchapisha vitabu inatumia mfumo huria, yaani kila mtu ana ruhusa ya kuufungua na kuubadilisha. Kila mtu ni pamoja na mimi. Zile amri ndogondogo za kuandika kwenye dirisha jeusi, ya kunakili, ya kupanga, ya kufuta, ni za enzi za baba yangu. Naziandika upya zote. Fundi Mkuu, ambaye humu namwita Kobe, anastaafu Juni, na kiti chake nakitaka. Amesema amri hizo hazina tatizo. Wavivu ndivyo walivyo.

Jumanne, 4 Machi
Amri ya kunakili tayari. Ya zamani ilikuwa ikichukua saa nzima kunakili seva. Yangu, sekunde nne! Kobe akauliza kama nimeijaribu. Nikamwambia sekunde nne ndilo jaribio lenyewe. Mkurugenzi, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akanipigia makofi mbele ya watu. Kobe akatoka zake. Roho yangu kwatu.

Jumatano, 5 Machi
Nimehamishia kila kitu kwenye diski mpya. Majina ya mafaili yote yapo, nimeyahesabu. Nikafuta diski ya zamani. Amri ya kufuta ikaniuliza kama nina uhakika. Dharau gani hii? Nikabonyeza ndiyo.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Mhariri, mama mpole asiyepaza sauti, amefungua kamusi yake ya miaka tisa. Jina lipo, ndani hamna hata herufi. Akafungua faili jingine, hali ni ileile. Akakaa chini sakafuni. Kumbe amri yangu inanakili majina tu. Nikamfariji kwamba angalau majina yamepona. Hakufarijika. Shemeji akanikodolea macho mpaka nikaangalia viatu vyangu.

Ijumaa, 7 Machi
Kobe amekuja na diski mfukoni. Jumanne alipotoka alikwenda kunakili kila kitu kwa amri ya zamani, saa nzima. Kamusi imerudi yote. Mhariri alilia. Kobe ameombwa abaki miaka miwili zaidi. Hata hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Mimi nimepelekwa stoo ya karatasi. Mke wangu anasema nimshukuru kaka yake.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari na kosa nimeliona: nilianza na amri isiyofaa. Humu stoo kuna kompyuta kuukuu, na hakuna aliyekumbuka kuitenganisha na seva. Nimeichunguza ile amri ya kufuta. Kobe ndiye aliyeiwekea tabia ya kuuliza kwanza. Inapotezea watu muda.
Yangu haitauliza.