Mzimu wa Ntobeye Ulivaa Kanzu Yangu

Leo aibu imenikuta Ntobeye. Tena ukweni. Tena nikiwa na kanzu iliyopigwa pasi! Nawasimulia mwenyewe kabla hamjaletewa na watu wenye kutia chumvi.

Wengi humu kundini mnajua kwamba Mama Swaumu aliondoka nyumbani wiki mbili zilizopita. Kwa msiojua sababu, sababu ni skuta. Nilipopata lile gari langu la haibridi, petroli na umeme, niliona linahitaji mwenza, maana liko chini, halipandi mawe wala halivuki matope. Nikanunua skuta ya umeme, ile ya kusimama, ubao na usukani, matairi manene. Inakunjwa, inalala butini, gari linaichaji humo humo safarini. Mama na mwana! Nilikuwa naitazama nacheka peke yangu. Siku moja mvua ikaja ghafla. Uani kulikuwa na skuta, na maharage ya Mama Swaumu yameanikwa, gunia zima. Nikakimbia. Nikaokoa skuta. (Ndiyo, najua. Tulieni.) Mama Swaumu alirudi kutoka sokoni akakuta maharage yanaelea na skuta imefunikwa kitenge chake. Alifunga mzigo, akamshika mtoto mkono, akaenda kwao.

Juzi baba mkwe, Mzee Ruhumba, akanipigia. "Njoo Jumamosi asubuhi tuzungumze. Ila hicho kidude chako kiuze kwanza." Nikajibu, "Baba, nimeshakiuza." Uongo ulitoka wenyewe, hata sikuusukuma.

Basi leo saa moja asubuhi nikaondoka Ngara mjini. Butini, skuta. (Ningefanyaje? Kutoka njia panda mpaka ukweni ni mteremko wa matope, daraja lenyewe ni miti miwili. Nilipanga niifiche karibu na nyumba, niingie kwa miguu nimeinamisha kichwa kama mtu aliyetubu.)

Ukungu ulikuwa mzito. Mnaujua ule wa masika, unaona boneti tu, mbele yake dunia imeisha. Nilikuwa naenda polepole kwa umeme, na gari likiwa kwenye umeme halitoi hata pumzi. Mabasi matatu ya wakimbizi kutoka mpakani yakanipita. Nyuso zimegusa vioo, hakuna aliyepepesa macho. Yakamezwa na ukungu. Kisha nikampita mzee mmoja amesimama ukingoni na jembe, karibu nimguse. Hakugeuka. Nikajisikia kama mtu ambaye hayupo, nikapiga honi, si kwa ajili yake, kwa ajili yangu.

Njia panda kuna duka la Zabroni. Nikaegesha mlangoni kwake. Alipoinua macho alishtuka mpaka akamwaga chai.

"Hili gari limefika saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Sikulisikia." Akalitazama kwa mashaka, kisha akanitazama mimi na kanzu yangu. "Unashuka ukweni? Subiri ukungu upande. Usipite kwenye mikaratusi saa hizi."

Mikaratusi hiyo imeota mahali palipokuwa na kambi, ile ya kwanza, ya miaka ile watu walipovuka wengi mpaka vilima vikawa vyeupe kwa mahema. Leo hakuna kitu, ni miti na nyasi. Lakini watu wa Ntobeye husema kwenye ukungu husikika vikombe vya bati vikigongana, kama foleni ya maji bado inasubiri.

"Zabroni ndugu yangu," nikamwambia, "mimi ni mtu wa mjini." Nikakunjua skuta, nikapanda, nikateleza.

Jamani. Ndani ya mikaratusi ile hapakuwa na ndege. Nyasi zilifika magotini, vipande vya turubai kuukuu vimeshikwa na mizizi, mahali fulani kiatu cha mtoto kimejaa maji. Skuta haina mlio. Nilisikia moyo wangu tu. Halafu nikasikia ngá. Kimya. Ngá. Bati na bati. Nikajiambia ni kengele ya mbuzi. Ngá. Mbuzi gani hatembei, anagonga mahali pamoja? Nikaongeza mwendo. (Mtu wa mjini anaruhusiwa kuongeza mwendo.)

Nikatoka kwenye miti nikiteremka kasi kuelekea kisimani, na hapo mbele yangu, hatua ishirini, akatokea mwanamke na dumu la maji. Mama mkwe!

Hapa wale wa pwani niwaeleweshe. Kwetu huku mkwe wa kiume hakutani uso kwa uso na mama mkwe njiani. Ukimwona unaacha njia, unaingia porini, unatazama pembeni mpaka apite. Ndiyo heshima. Mimi nimekuja kuomba mke, halafu nimkodolee macho mama yake? Lakini breki zilikuwa na matope, mteremko mkali, pembeni korongo. Nikafanya kile ambacho mtu mwenye adabu angefanya. Nikavuta kola ya kanzu juu mpaka kichwa chote kikaingia ndani kama kobe, nikabaki na jicho moja kwenye tundu la kifungo. Nikampita hivyo hivyo, kimya, uso nimeugeuzia korongoni. Nikajipongeza. Heshima imekamilika!

Nyuma yangu nikasikia dumu likianguka. Halafu hakuna kitu. Hata mlio wa maji sikuusikia.

Nikafika karibu na nyumba, nikaificha skuta kwenye shamba la migomba, nikaifunga alamu yake kwa rimoti, rimoti nikaitia mfukoni. Nikapangusa kanzu. Nimepiga hatua kumi tu, yowe likapanda kutoka kisimani. Yowe lile la mwanamke, refu, linalofanya nywele za shingo zisimame. Likadakwa na mwingine mlimani, na mwingine, mpaka ukungu wote ukawa unalia.

Miaka hii ya wakimbizi, huku mpakani, yowe likipigwa hukai. Unashika ulichonacho unakimbilia. Asiyetokea ndiye anayetafutwa. Nikakimbilia kisimani, na kwa kweli wenzangu, nilikuwa naogopa. Nilidhani hivyo vikombe vimenifuata.

Watu kama thelathini walishafika, mapanga na marungu. Mzee Ruhumba ndiye mkuu wa sungusungu, alikuwa na filimbi shingoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umepita wapi?"

"Kwenye mikaratusi."

"Hukuona kitu?"

"Sikuona, baba."

"Shika fimbo."

Nikashika. Mama mkwe alikuwa amekaa chini amejifunika khanga, amenipa mgongo. Aliyesema kwa niaba yake ni Bibi Anjelina, mama wa Kirundi aliyekuja enzi za kambi ile akaolewa papa hapa.

"Anasema ni umuzimu. Jeupe. Halina kichwa. Halina miguu, linaelea juu ya nyasi. Limempita hapa, halikusalimia."

Nikatazama kanzu yangu. Nyeupe.

Semeni ukweli, nyie mngesema? Nikisema "ni mimi", wataniuliza nilieleaje. Nikisema skuta, basi sikuiuza, basi nimemdanganya baba mkwe kwenye simu, na Mama Swaumu harudi kwangu milele. Nikanyamaza. Kibaya zaidi, nikajifanya mkali. "Twende tulitafute!" nikapaza sauti. "Haliwezi kufika mbali!" (Mimi huyo. Na fimbo.)

Tukajipanga mstari, tukaingia kwenye ukungu kujitafuta. Namaanisha kunitafuta. Mtu wa tatu kutoka kwangu nilimwona kama kivuli, wa nne hakuwepo kabisa. Bibi Anjelina akachuchumaa, akaonyesha udongo.

"Tazama. Hakuna nyayo. Mstari mmoja tu, unakwenda hauna mwisho." Akaguna. "Mimi nimekaa kambi ile. Waliobaki pale nawajua, wengine nilisaidia kuwazika. Wale walikuwa wanatembea. Hili si lao."

Mungu wangu! Hata mimi mwenye matairi nikaanza kuogopa ule mstari. Ulielekea moja kwa moja kwenye migomba. Nikawaambia, "Upande huu hapana, nimeshapaangalia." Nikachuchumaa kujifanya nachunguza nyayo upande mwingine.

Ndani ya migomba kitu kikalia. Uwiii, uwiii, uwiii! Taa nyekundu ikawaka, ikazima, ikawaka, ukungu ukawa kama damu. Watu wakatawanyika. Mwanaume mmoja mwenye panga alipanda mti. Na mimi nikakimbia! Wallahi nilikimbia, nikampita Mzee Ruhumba, kanzu nimeishika juu ya magoti. Nilishasahau kabisa kwamba ile sauti nimeinunua mwenyewe.

Ikanyamaza. Tukarudi, polepole, tumeshikana mikono. Nikachuchumaa nyuma ya kichuguu. Uwiii! Tukakimbia. Ikanyamaza. Tukarudi, nikachuchumaa. Uwiii!

Ndipo nikasikia sauti ninayoifahamu kuliko zote duniani. Mama Swaumu alikuwa ametoka nyumbani, amesimama kwenye ukingo wa shamba, mikono kifuani.

"Baba," alimwambia Mzee Ruhumba, wala hakunitazama, "mbona kila Baba Swaumu akichuchumaa, mzimu unalia?"

Watu thelathini wakanigeukia.

"Baba Swaumu," akasema Mzee Ruhumba. "Toa kilichomo mfukoni."

Nikatoa. Rimoti ndogo, nyeusi. Mzee Ruhumba akaichukua, akaitazama, akaibonyeza kwa kidole gumba. Uwiii. Akaibonyeza tena. Kimya. Akaingia migombani mwenyewe, akatoka anaiburuta skuta kwa sikio kama mwizi wa kuku.

"Hii ndiyo uliyouza?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa nani?"

Yule wa juu ya mti akaanza kucheka, wakacheka wote, wengine walilala kwenye matope. Mimi nililia kidogo. Sikuona haya, nililia. Nikawaeleza yote, ukungu, breki, korongo, kola, kwamba nilimfichia mama uso kwa heshima tu, na kwamba nimekuja kumrudisha mke wangu kwa sababu nyumba imekuwa kubwa mno na mtoto hayupo wa kuniuliza maswali.

Kicheko kikapoa. Mama mkwe akamnong'oneza Bibi Anjelina, bado amenipa mgongo. Bibi akasimama.

"Mama anasema hajamwona mkwe wake leo. Mkwe wake ana adabu, hawezi kupita mbele yake. Kilichompita kisimani ni kitu kisicho na kichwa. Ndivyo atakavyosema mpaka anakufa."

Nikashusha pumzi. Kumbe amenisitiri! Nikamtazama mke wangu kwa matumaini yote niliyokuwa nayo.

Mama Swaumu akamgeukia Bibi Anjelina. "Nimemsikia mama," akasema. "Basi mume wangu hajafika. Mimi niliolewa na mtu mwenye kichwa. Akipatikana, aje anichukue."

Akageuka, akaondoka. Baba mkwe akanirudishia skuta, akakaa na rimoti. Hakuna aliyenisindikiza, wala sikupewa hata maji.

Nimepanda mlima nikiisukuma. Kwenye mikaratusi nimekutana na watu watano au sita wamebeba vyombo vya maji. Nimewasalimia kila mmoja. Hakuna aliyeitikia. Nilipofika dukani nikamuuliza Zabroni ni akina nani wanaochota maji mle kwenye mikaratusi. Akaniambia mle hakuna maji tangu kambi ifungwe, na wanaotoka kisimani hawapiti mle kwenye ukungu. Sikumuuliza tena. Nimeendesha mpaka mjini madirisha yote nimepandisha, redio juu kabisa.

Chekeni, sitawazuia. Ila msiniwekee vikatuni, maana kuna mtu mmoja humu kundini huwa anasoma kila kitu na hajibu. Mama Swaumu, najua unasoma. Maharage nimenunua mengine, nimeyaanika leo hii, nimekaa pembeni yake nayalinda. Kesho nakuja kwa miguu, mchana kweupe, huku naimba. Ni mimi. Kichwa ninacho.